Jiwe Asiloligusa Holger

Sigbritt Hallén alipoingia jikoni Jumapili ile ya Oktoba 1994, mume wake alikuwa ameshakaa kitambo. Mguu wa kulia ulikuwa juu ya kiti cha pili, naye akilichua goti kwa mafuta yanayonuka kafuri. Kahawa ilikuwa tayari. Dirishani hapakuonekana kitu. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka baharini kabla ya mapambazuko, na hata kisanduku cha barua cha getini, hatua thelathini tu kutoka mlangoni, kilikuwa kimemezwa.

Sigbritt alipaka mkate siagi, akaukata, akaacha kuula.

"Ulimwambia Tuve?"

"Nimwambie nini?"

"Holger."

Holger aliziba chupa ya mafuta polepole, kama mtu anayefunga kazi ya siku nzima. "Tuve ana miguu na macho yake," alisema. "Kupanga njia ya mbio ni kazi yake. Amezunguka msitu mzima mwezi huu."

"Amezunguka vituo. Katikati ya vituo hakuna anayezunguka."

"Basi na wewe utazunguka leo, mama. Kula, utaishiwa nguvu kule juu."

Ndoa yao ilikuwa na miaka ishirini na sita, na mazungumzo yao mengi yalikwisha hivyo, Sigbritt akiwa bado na neno moja mdomoni. Alikula mkate.

Sigbritt alikuwa na miaka hamsini na miwili. Alikuwa tarishi wa parokia ya Hällemyr, pwani ya magharibi ya Uswidi, mahali ambapo itale hutokeza ardhini kila baada ya hatua kumi na nyumba hujengwa pale ambapo mwamba umeruhusu. Kwa miaka ishirini na tisa alikuwa akipeleka barua kwa gari dogo la manjano, usukani upande wa kulia, upande wa ukingo wa barabara, ili aweze kutia barua visandukuni bila kushuka. Alijua nani anapata barua za hospitali na nani hapati barua za mtu yeyote, na hakuwahi kulisema. Watu walimwamini kwa hilo. Kunyamaza kulikuwa sehemu ya kazi yake, na taratibu kukawa sehemu kubwa ya maisha yake pia.

Jumapili alikimbia. Hällemyr kuna kanisa, duka moja na chama cha mbio za ramani, na mwenye kutaka kukutana na watu wote kwa pamoja huenda kwenye chama. Mkimbiaji hupewa ramani sekunde ileile anayoanza. Vituo vimepigwa namba, na kila kimoja kina kibendera cha rangi ya chungwa na nyeupe pamoja na koleo dogo la kutobolea kadi ya mkimbiaji, iwe ushahidi kwamba amefika. Namna ya kufika kutoka kituo hadi kituo ni shauri lake mwenyewe: akate moja kwa moja au azunguke. Ramani humwambia wapi kuna kinamasi, wapi kuna jiwe kubwa kuliko mtu, wapi kuna genge la mwamba la kushukika. Genge lisiloshukika huchorwa kwa mstari mnene mweusi wenye meno. Mkimbiaji akiuona mstari huo hukwepa. Asipouona, hapunguzi mwendo.

Ramani ya Hällemyr aliichora Holger. Alikuwa mchonga mawe, wa mwisho katika ukoo uliotoboa machimbo yote ya pwani ile, na alichora ramani kama alivyochonga, kwa mkono. Alitembea msitu mzima na ubao shingoni, akapanda kila mwamba na kuuwekea kiganja kabla ya kuutia kwenye karatasi. Ilikuwa tabia yake, na watu walimcheka kwa kumpenda. Aliyeanzisha utani huo alikuwa Maj-Lis Torvall, mpishi wa shule, mwanamke mwenye sauti ya kupita ukuta wa matofali. "Jiwe ambalo Holger hajaligusa halipo," alisema mwaka fulani kwenye karamu ya chama, na tangu siku hiyo hapakuwa na mkutano ambamo utani huo haukurudiwa.

Sigbritt alikuwa akicheka na wengine hadi vuli ya 1991.

Vuli hiyo goti la Holger lilivimba likawa kama kabeji. Ramani ilikuwa ikisubiriwa kiwandani kuchapwa, na pembe moja tu ilibaki, upande wa kaskazini, kwenye mgongo wa kilima uitwao Korpås. Mita mia tano kwa mia tano. Kwa wiki tatu Holger alikaa kwenye meza ya jikoni na picha zilizopigwa na ndege, kioo cha kukuzia na kalamu nyembamba, akaichora pembe ile. Kilichofunikwa na misonobari hakionekani kwenye picha ya ndege. Juu ya Korpås misonobari imebanana kama manyoya ya mbwa.

Sigbritt alimwona. Alimpelekea kahawa mara tatu kwa siku, akasimama nyuma ya bega lake.

"Hiyo utakwenda kuihakikisha?" aliuliza.

"Goti likipoa nakwenda. Na hata hivyo, nani atakayepitisha watu huko?"

Theluji ikaanguka. Kisha kukawa na upasuaji, kisha kazi ya mawe ya makaburi, kisha mwaka mwingine. Ramani ikasifiwa katika wilaya nzima. Hakuna aliyeuliza, na Sigbritt hakusema.

*

Wanawake waliopita umri wa miaka arobaini na tano walikuwa tisa siku hiyo, na njia yao ilikuwa ya kilomita kumi na moja, ndefu kuliko zote katika kundi lao pwani nzima. Kura ilimpa Sigbritt nafasi ya kwanza. Maj-Lis alikuwa wa pili, dakika mbili nyuma yake. Kwa vuli ishirini na mbili walikuwa wakifukuzana hivyo. Maj-Lis alishinda mara kumi na tatu na hakuacha mtu asahau.

"Nenda, shoga, nenda polepole," alisema akirukaruka kujipasha moto kwenye mstari wa kusubiri. "Sitaki kukukuta nyuma ya mti wa kwanza unalia."

"Mwaka jana ulilia wewe."

"Mwaka jana nilikuwa na mafua! Muulizeni daktari!"

Wanawake wengine walicheka. Kila mmoja alikuwa amefungwa kipenga shingoni. Tuve, aliyepanga njia, alikuwa amevigawa asubuhi kwa sababu ya ukungu, na alipogawa alitania kwamba havitarudishwa bila kuoshwa. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mrefu, mwenye furaha ya mtu aliyetunza siri kwa mwezi mzima na sasa anaifungua.

"Kuna kipande kimoja mtanilaani nacho," alisema. "Lakini kizuri! Hakijawahi kukimbiwa na mtu."

Saa ililia. Sigbritt alichukua ramani kwenye pipa, akaigeuza.

Macho yake hayakutafuta kituo cha kwanza. Yalikwenda moja kwa moja kaskazini. Kituo cha sita kilikuwa upande mmoja wa Korpås na cha saba upande wa pili, na mstari mwekundu ulioviunganisha ulipita katikati ya pembe iliyochorwa jikoni. Kilomita moja na robo. Kwenye karatasi palikuwa pepesi: rangi nyeupe ya msitu wa kukimbilia, mawe machache, genge moja dogo la kushukika. Njia ya kuzunguka ilikuwa ile barabara ya zamani ya machimbo, kilomita tatu na mwinuko. Hakuna mwenye akili timamu angeifuata.

Aligeuka. Hatua kumi na tano nyuma yake Maj-Lis alikuwa akikaza kamba za viatu. Msimamizi wa saa alikuwa akiandika. Ilihitaji sentensi moja. Lakini aliyeshika ramani haruhusiwi kusema na asiyeishika, na Sigbritt alikuwa mtu wa kufuata kanuni. Baadaye hakukana kwamba siku hiyo kanuni ilimfaa.

Akaingia msituni.

Vituo vinne vya kwanza alivipata kama anayetia barua visandukuni. Mwamba ulikuwa umelowa na kuvumwani iliyoufunika ilikuwa inateleza. Ukungu ulikaa chini, kiasi kwamba mtu aliona vizuri miguu yake na kisha shina la mti la tatu, basi. Hapakuwa na upepo. Kunguru wawili walikuwa juu mahali fulani, wakiitana, na kila alikokwenda walisikika mbele yake.

Alijaribu kufikiri kama Holger. Labda hapana kitu. Mzee amekaa juu ya itale maisha yake yote. Anajua mwamba unavyopasuka na unavyolala. Labda pembe ile ni sawa na nyingine zote. Kwa nini isiwe? Aliyafikiri hayo mara kadhaa na kila mara yalimfikisha kwenye kiganja cha Holger, kikiwa juu ya meza ya jikoni, kimelala kwenye picha ya ndege.

Kwenye kituo cha tano alisikia matawi yakivunjika nyuma yake. Maj-Lis alitokea ukunguni, mwekundu usoni, tope hadi mapajani.

"Nilikuambia uende polepole, lakini si hivi!"

"Maj-Lis."

"Nini? Umechoka? Kaa hapo, nitakutumia maandazi."

"Kule juu, baada ya cha sita. Kuna ukungu. Angalia unapokanyaga."

Maj-Lis alitoboa kadi yake, akamtazama kwa jicho moja, kama anayetafuta mtego. Kwa miaka ishirini na mbili walikuwa wamewekeana mitego mingi.

"Ukungu unanihusu nini?" alisema. "Nina ramani ya mume wako mkononi. Naweza kupita nimefumba macho." Akaondoka akicheka, mzito na mwepesi kwa wakati mmoja, na ukungu ukajifunga nyuma yake.

Sigbritt alijua amesema kitu ambacho si onyo. Alikuwa amesema kiasi cha kuweza kudai baadaye kwamba alisema.

Alipofika kituo cha sita, tope lilikuwa na nyayo mbichi. Zilielekea kaskazini, moja kwa moja juu, zikiwa na hatua ndefu za mtu asiye na wasiwasi. Alizitazama. Akatoboa kadi. Kisha akageukia mashariki na kushuka kwenye barabara ya machimbo.

*

Kwenye barabara hiyo palikuwa na meza ya maji kwa ajili ya wanaume, ambao njia yao ilipita pale mara mbili. Chama kilikuwa kimempa Holger meza hiyo kwa kuwa ilifikika kwa gari na yeye hakuweza tena kutembea msituni. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, vikombe vya karatasi vimepangwa mbele yake. Alisikia hatua, akainuka, akachukua kikombe. Kisha akaona ni nani.

Mwanamke hakutakiwa kupita pale. Holger hakuhitaji kuambiwa njia imepangwaje. Mke wake kuwa barabarani kulitosha.

Alimpa kikombe. Mkono wake ulikuwa imara, maji hayakumwagika.

"Uko peke yako?"

"Maj-Lis yuko mbele."

"Hajapita hapa."

"Hapana," Sigbritt alisema. "Amekata."

Holger alitazama juu, upande wa Korpås, ambako hapakuwa na kitu cha kutazama. Sigbritt alikunywa. Maji yalikuwa baridi hadi meno yakauma. Alimpa mume wake muda wa kusema neno, na yeye mwenyewe akajipa muda huohuo, na muda ukaisha kwa wote wawili.

"Utachelewa," alisema Holger.

Akakimbia.

Alikuwa amefika kwenye kona ya juu, ambapo barabara inapita chini ya machimbo yaliyojaa maji, aliposikia sauti. Ilikuwa nyembamba na fupi, kutoka kushoto, juu. Mara moja tu. Alisimama. Kunguru walikuwa wamenyamaza. Alisubiri ijirudie na haikujirudia. Akajiambia ni ndege. Kuna ndege wadogo wa msituni wanaolia hivyo, na alijua majina yao yote, na hakuna hata mmoja kati yao anayelia Oktoba kwenye ukungu. Akaendelea kukimbia.

Kituo cha saba kilikuwa kwenye bonde dogo kati ya mireteni. Kilikuwa cha kundi lao peke yao, wanaume hawakukipita. Kibendera kilining'inia bila kutikisika. Kutoka kwenye koleo hadi tawi la mreteni palikuwa na uzi wa buibui, umejaa matone madogo ya ukungu, haujakatika. Kuvumwani iliyozunguka nguzo ilikuwa imejaa umande, sawasawa, bila alama ya kiatu.

Maj-Lis aliondoka kituo cha sita kabla yake, kwa njia ya nusu ya urefu. Alitakiwa kuwa amepita hapa zamani.

Sigbritt alisimama mbele ya uzi ule na kadi mkononi. Kwa miaka ishirini na mbili hakuwahi kufika kituo cha saba akiwa mbele ya Maj-Lis kwa kiasi hiki. Hakuukata uzi wala hakutoboa kadi. Aliweka dira juu ya ramani, akageuza mshale kusini, akaanza kurudi kinyume cha njia, kwenye mstari mwekundu, kuelekea juu.

Sasa alikuwa akiita. Alipuliza kipenga mara sita, akahesabu dakika, akapuliza tena, kama walivyofundishwa wote. Alitembea. Alipima kila hatua kwa ncha ya kiatu kabla ya kuikalia. Kwenye ramani alikuwa katika msitu mweupe, mwepesi. Miguuni mwake mwamba uliinuka na kuvunjika na kuinuka tena, na kati ya vipande mlikuwa na mianya iliyofunikwa na vichaka vifupi vya rangi ya zambarau, laini juu, tupu chini. Misonobari iligusana matawi. Hapakuwa na jiwe hata moja kati ya yaliyochorwa. Yote aliyokuta yalikuwa mengine.

Alijua amefika kwa baridi. Pumzi baridi ilipanda kutoka chini, usoni mwake, kama mlango wa pishi umefunguliwa. Alishika shina la msonobari na kujiinamisha. Mbele ya vidole vyake vya miguu mwamba ulikatika. Ufa ulikuwa na upana wa magari mawili, na kingo zake zilivikwa vichaka hadi ukingoni kabisa, hivi kwamba upande wa pili ulionekana kama mwendelezo wa upande huu. Chini palikuwa peusi.

"Maj-Lis!"

Kwanza hapakuwa na kitu. Kisha sauti, si ile ya kupita ukuta wa matofali.

"Usipige kelele. Kichwa kinaniuma."

Sigbritt alipumua. Kabla hajajibu, alisikia matawi upande wa pili, na mtu akikimbia. Yeyote aliyekuwa anakuja alikuwa anakuja kwa mwendo wa mtu anayeamini ramani.

"Simama!" alipaza. "Simama hapo! Kaa chini!"

Hatua zilikoma. Ukungu ulisogea kidogo na Gullan, muuza duka, aliyeanza wa tatu, alionekana amekaa kwenye matako yake, mikono imeshika kichaka, miguu imenyooka mbele. Kati ya viatu vyake na ukingo hapakutosha kuweka kiti. Gullan alikuwa amepotea kituo cha nne kwa dakika ishirini na kujilaani kwa kila jina alilolijua. Kupotea huko ndiko kulikomchelewesha hadi Sigbritt akawa amefika.

"Hii ni nini?" alisema Gullan. "Hii haipo kwenye ramani."

"Rudi kwa nyayo zako. Zuia kila utakayemkuta. Shuka barabarani, Holger yuko kwenye meza ya maji, ana redio. Mwambie machela na kamba."

"Nimwambie ni wapi?"

"Mwambie ni Korpås. Anapajua."

Sigbritt akapata mahali pa kushukia mwishoni mwa ufa, upande wa mashariki, ambapo mwamba ulivunjika kama ngazi iliyojengwa na mlevi. Ilimchukua muda mrefu. Maj-Lis alikuwa amelala kwenye kijukwaa cha jiwe, mita sita chini, mguu wa kushoto umekunjwa pasipo na kiungo. Midomo ilikuwa ya kijivu. Kuanzia kijukwaa hicho ufa uliendelea kushuka, na maji yalisikika huko chini.

Sigbritt alivua jaketi, akamfunika, akakaa nyuma yake na kumkumbatia kifuani ili ampe joto. Hawakuwahi kukaa hivyo maishani mwao.

"Nilipuliza kipenga," Maj-Lis alisema. "Mara moja tu. Halafu kamba ikakatika, kikadondoka huko chini."

"Ndiyo."

"Ulinisikia?"

Sigbritt alimvutia jaketi hadi kidevuni. Maj-Lis alikuwa anatetemeka sana, pengine hakungoja jibu.

"Nilikuwa nakimbia vizuri leo," alisema tena. "Nilikuwa nakuacha mbali. Sema kweli."

"Ulikuwa unaniacha mbali."

"Basi wewe ulitokeaje upande wa cha saba? Hukunipita. Ningekuona." Alikohoa, akashika mguu, akasubiri maumivu yapite. Kisha akauliza swali ambalo wakimbiaji wa ramani huulizana baada ya kila mbio, kabla hata ya kuuliza nani ameshinda, wakiwa wamesimama na vikombe vya uji wa beri na tope masikioni. "Ulipita wapi?"

Ramani ya Maj-Lis ilikuwa bado mkononi mwake, imekunjwa ndani ya ngumi. Aliikunjua juu ya jaketi. Alisubiri kuonyeshwa kama mtu mwenye haki ya kuonyeshwa.

Sigbritt aliweka kidole kwenye kituo cha sita. Angeweza kusema alipotea. Kulikuwa na ukungu, na watu hupotea. Akakipeleka kidole mashariki, akashuka, akafuata barabara ya machimbo kwa urefu wake wote, kona kwa kona, kupita meza ya maji, hadi cha saba.

Maj-Lis alikifuata kidole kile kwa macho. Alikuwa amesoma ramani miaka thelathini na tano. Kilomita tatu badala ya moja na robo, ilhali ramani ilionyesha msitu mweupe na genge lisilo na jino hata moja. Alitazama tena kutoka mwanzo.

"Hukupotea," alisema.

"Hapana."

"Aliichorea wapi?"

"Jikoni."

Maj-Lis aliikunja ramani. Hakujitoa mikononi mwa Sigbritt, kwa sababu baridi ilikuwa kali na kifua cha mwenzake kilikuwa cha moto, lakini aligeuza uso na kuuelekeza kwenye mwamba. Sigbritt aliendelea kumshika. Alipuliza kipenga mara sita kila dakika. Ilikuwa kazi, na aliifanya sawasawa.

Watu walikuja baada ya karibu saa nzima. Tuve alikuwa mbele na kamba begani, rangi imemtoka usoni, akirudia kwamba alikuwa ametembelea kila kituo, kila kituo, waulizeni. Nyuma yake vijana wawili wa zimamoto na machela. Na nyuma kabisa, muda mrefu baada yao, hatua zisizolingana: moja nzito, moja ya kuburuta. Holger alikuwa amepanda Korpås. Hakuna aliyemwomba.

Alikuja hadi ukingoni, akasimama akishika msonobari uleule alioushika mke wake. Ukungu ulikuwa umeanza kupasuka, na mwanga wa kijivu ulianguka ndani ya ufa kwa mara ya kwanza siku hiyo. Aliutazama wote, kutoka mwisho hadi mwisho. Kwa miaka mitatu alikuwa na mahali hapa mkononi mwake na hakuwahi kupaona.

"Maj-Lis," alisema.

Vijana walikuwa wakifunga kamba.

Holger alilamba midomo. Alionekana kutafuta neno jingine, na lililokuja lilikuwa la kazi yake, lile analouliza mchoraji mbele ya genge lolote. "Mita ngapi hapo?"

"Shuka upime," alisema Maj-Lis kutoka chini.

Mmoja wa vijana alisema, "Hapana, mzee, wewe kaa hapo, tafadhali." Holger alikuwa ameshakaa kitako ukingoni na kuuning'iniza mguu mbovu. Alishuka kwa ile ngazi ya mlevi, kipande kwa kipande, akiupitisha mguu kwa mikono kama mzigo wa mtu mwingine. Sigbritt alimtazama akija. Alijua vipande vipi vilikuwa vimelegea, maana alikuwa amevikanyaga. Safari hii alisema.

"Kushoto. Hicho hakishiki. Kushoto zaidi."

Alifika kwenye kijukwaa akiwa na jasho hadi shingoni. Hakumtazama mke wake. Alisimama mbele ya ukuta wa itale, mweusi kwa maji, uliopanda juu ya vichwa vyao wote watatu, na mkono wake wa kulia ukainuka wenyewe, kama ulivyofanya mbele ya maelfu ya miamba, ukaweka kiganja juu ya jiwe na kukaa hapo.

Maj-Lis aligeuza kichwa. Aliuangalia mkono ule kwa muda.

"Haya," alisema. "Sasa lipo."

Kisha vijana wakateremsha machela.